Usiizime Kompyuta ya Baba

Shikamoo Mama,

Nimewahi kazini, chai iko kwenye chupa. Kompyuta ya marehemu baba usiizime. ~~Wala usiifunike kwa kitambaa chako.~~ Haya, funika kioo tu, mashine ipate hewa.

Jana usiku programu ya seva, ile ya kugawa mashine moja iwe kama kadhaa, iliikataa, eti ni mashine ya nyumbani, haifai. Kumbe shida ilikuwa kadi ya mtandao; nikaibadilisha, programu ikakubali. Sasa hiyo moja inafanya kazi kama kompyuta tatu, na mojawapo ni ya baba, vilevile alivyoiacha. Nyimbo zake za kwaya zote zimo. Ule wa Pasaka aliuchapa hadi ubeti wa pili. Wa tatu alikuwa anakuimbia jikoni. Nimeacha nafasi hapa chini, uniandikie.

Mwanao mbishi,
Leticia