Neno Nililomficha Bapuji

Sekei,
Arusha.
27 Julai 2025

Mpendwa Dada Satwant,

Sat Sri Akal, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na shemeji Romanus na Agnela. Sisi huku kwa upande wa mwili hatujambo. Baridi ya Julai imekaza, mlima haujaonekana tangu Jumatano, na asubuhi ukungu unashuka mpaka kwenye mabati ya gereji. Nasikia Songea nako si haba. Kifua chako kikoje siku hizi? Nakumbuka kilikuwa kinakusumbua kila mwezi wa saba ulipokuwa msichana. Kama kilipona, sikuwahi kujua. Mimi ndugu yako wa tumbo moja nauliza kifua cha miaka ishirini na miwili iliyopita, kwa sababu sina habari nyingine yako ya kuulizia.

Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho tulichokitumia kugombana na kupatana uani tukiwa watoto, na pia nataka Agnela aisome. Kwa hiyo usishangae nikieleza mambo unayoyajua. Yeye hakukulia gurdwara, nyumba yetu ya ibada, na ana haki ya kujua babu yake alikuwa mtu wa namna gani, na mjomba wake pia.

Kwanza, asante kwa kuongea na mimi kwa upole siku ile kwenye simu. Habari ya msiba ulipewa na Sabina, mama wa Moshono aliyekuwa akimuuguza baba yetu, Bapuji. Kazi ile ilikuwa yangu. Nilikuwa nimekaa chumba cha pili, simu iko mkononi, nikamwacha yeye apige. Na ulipoanza safari tulikuwa tumeshauchoma mwili. Nilipokuambia hivyo kwenye simu, uligeukia Njombe ukarudi nyumbani. Hukulaumu mtu. Afadhali ungelaumu.

Sasa nikueleze nilichofanya.

Mwezi wa sita sukari ilimzidia Bapuji. Macho yalikuwa yameshakwenda tangu mwaka juzi, hakuweza tena kusoma, ila sala za asubuhi alizisema zote kwa moyo huku Sabina akimpa chai. Siku moja ya Ijumaa aliniita akaniambia nikae. Akasema, "Nataka kumwita Satwant." Akaendelea, "Sitaki kwenda kwa hasira zangu wala kwa mapenzi yangu. Nenda kesho gurdwara, umwombe Giani Mohinder afanye ardas kwa ajili ya jambo hili, kisha uniletee hukam. Guru akisema nimwite, namwita kesho hiyo hiyo."

Agnela, mwanangu, hukam ni neno ambalo hata Waswahili wanalo, hukumu, ila kwetu ni amri, ni neno la Guru kwa siku hiyo. Baada ya sala, ndiyo ardas, msomaji wetu, ndiye Giani, anafungua Kitabu bila kuchagua ukurasa, na pale macho yake yanapoangukia ndipo anaposoma. Watu wa mjini wanatuona makalasinga tunakiinamia kitabu, wanadhani tunaabudu karatasi. Sivyo. Guru wetu wa kumi alipokuwa anaondoka duniani hakuacha mtu wa kukaa mahali pake. Aliacha Neno. Basi Neno ndilo Guru, nalo liko hai. Ndiyo maana linalazwa usiku na kuamshwa asubuhi kama mzee wa nyumba. Haya nilifundishwa nikiwa na miaka sita, na Jumamosi ile nilikuwa na miaka hamsini na moja.

Nilikwenda. Giani alifanya ardas, akataja jina lako, Dada, mbele ya watu wote. Kisha akafungua. Maneno yaliyotoka yalikuwa juu ya aliyekaa mbali muda mrefu, na jinsi Bwana mwenyewe anavyomrudisha kwa mkono wake. Hayakuwa na fumbo. Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu alimtaja Mungu taratibu, "Waheguru," kama mtu aliyetua mzigo. Giani alipofunga alinitazama, akatabasamu.

Kutoka pale mpaka nyumbani ni mwendo wa dakika kumi na tano. Nilitumia karibu saa nzima. Nilizunguka mpaka Levolosi, nikasimamisha gari nje ya gereji yetu iliyofungwa, nikakaa ndani ya gari. Nitakuambia nilichokuwa nikiwaza, ingawa naona aibu kukiandika. Niliwaza kwamba mimi ndiye niliyembeba kumpeleka chooni. Mimi ndiye niliyemkata kucha. Na sasa wewe utakuja kwa wiki moja, utalia kidogo, na uso wake utang'aa kwa ajili yako kuliko ulivyowahi kung'aa kwa ajili yangu. Ni wivu wa mtoto. Hauna jina jingine.

Bapuji alikuwa amekaa kitandani amevaa kilemba safi. Alikuwa amemwomba Sabina amfunge, maana alitaka kulipokea neno la Guru akiwa ameketi na kichwa kimefunikwa kwa heshima. Akauliza, "Imesema nini?"

Nikamsomea beti nyingine. Ile inayosema baba, mama, watoto na ndugu ni mapenzi ya kupita, tusiyashikilie. Nilikuwa naijua tangu utoto. Ni neno la kweli, limo humo humo Kitabuni, lakini siku ile halikutoka. Nilichukua kweli nikaifanyia kazi ya uongo.

Aligeuza uso kuelekea sauti yangu. Kisha akauliza, "Umesikia vizuri, Balbir?"

"Nimesikia vizuri, Bapuji."

Akakunja mikono, akainamisha kichwa mpaka kilemba kikagusa magoti. "Basi amri ni tamu," akasema. Hakubishana, wala hakuniomba niende tena siku ya pili. Nadhani angebishana ningeungama papo hapo.

Jioni nilimkuta Sabina anaingiza godoro ndani. Lilikuwa limeanikwa uani tangu asubuhi. Aliniambia, "Mzee alisema niandae chumba cha nyuma, dada anakuja. Sasa anasema nilirudishe. Kaka Balbir, kumetokea nini?" Nikamwambia mipango imebadilika. Alinitazama, akaendelea kulivuta godoro peke yake. Sikumsaidia.

Siku kumi na moja baadaye Bapuji akafariki, asubuhi, kabla ya chai. Katika siku hizo zote hakulitaja jina lako hata mara moja. Alikuwa anatii.

Baada ya kuchoma tulianza kusoma Kitabu chote nyumbani, kurasa elfu moja mia nne na thelathini, kwa siku kumi, kama desturi. Walioweza kusoma walipokezana. Mimi nilikuwa nakaa pembeni ya Kitabu nikipunga pepeo la manyoya meupe juu yake kwa heshima. Na nisiseme uongo tena, sikuwa nimefikiria jambo moja. Kitabu kikisomwa chote hakirukwi ukurasa. Siku ya sita, zamu ya Giani Mohinder, nilianza kusikia maneno ninayoyafahamu yakija kwa mbali, mstari kwa mstari, kama mtu anayepanda ngazi kuja chumbani kwako. Yakafika. Giani aliyasoma kwa sauti ile ile ya Jumamosi ile. Pepeo likanitoka mkononi, likaanguka juu ya zulia. Watu walidhani ni huzuni. Shangazi mmoja akaja kunishika bega, akasema, "Pole, mwanangu, baba ni baba."

Nilimngoja Giani nje alipomaliza zamu yake. Nikamwambia yote, nimesimama, maana sikuthubutu kukaa.

Hakunikemea. Kitu cha kwanza alichosema ni hiki: "Mimi nilidhani ulimwita akakataa kuja. Siku zote hizi nimemhukumu dada yako moyoni mwangu. Na si mimi peke yangu." Ndipo nilipojua kwamba hata jina lako nilikuwa nimelichafua.

Nikamwambia, "Giani ji, nilimdanganya baba yangu."

Akasema, "Hilo ni dogo. Baba yako hakukuuliza wewe unaonaje, alimuuliza Guru. Guru akajibu, nawe ukamziba mdomo mlangoni, ukajibu wewe kwa sauti yake. Unajua kusoma, Balbir, unasoma vizuri kuliko wengi hapa. Lakini umekuwa ukidhani Neno ni maneno."

Nikamwomba anisamehe. Akasema yeye si wa kunisamehe, hakuibiwa yeye. Akaniambia nikaungame mbele ya watu wote, nami nikafanya hivyo Jumapili iliyofuata. Wazee watano walikaa, wakanipa kazi ya kusafisha viatu vya wanaoingia kusali, kwa siku arobaini. Leo ni ya ishirini na tatu. Viatu vya watoto wa shule, viatu vya mafundi wangu mwenyewe wanaokuja kula chakula cha bure pale mchana. Yiamat, fundi wangu wa rangi, mara ya kwanza alivishika viatu vyake kifuani, akasema, "Hapana bosi, hivi havifai." Nikamwambia anipe. Alinipa akiwa ameangalia pembeni.

Sikuambii haya ili unihurumie. Viatu havirudishi kitu. Giani mwenyewe aliniambia, "Hukam ile bado haijafika ilikotumwa. Baba yako amekwenda, kwa hiyo imebaki kwa binti yake." Imenichukua siku ishirini na tatu kupata ujasiri wa kukaa mezani. Nimeinakili kwa mkono wangu, kwa Kigurmukhi, maandishi ya Kitabu, na chini yake nimeandika maana yake kwa Kiswahili kadiri nilivyoweza. Imo ndani ya bahasha hii. Nimempelekea Giani aihakiki neno kwa neno kabla ya kuifunga, maana mimi sistahili tena kuaminiwa kwa neno la mtu, sembuse la Guru.

Liko jambo moja zaidi, na hili hata Giani hakulijua nilipoungama, nimemwambia jana. Mwaka ule ulipoolewa, Bapuji alikuwa ameshanyoosha suti ya kuja kanisani Rombo, nyumbani kwa kina shemeji. Nilimwambia akitoka getini hatanikuta akirudi. Nilimwambia achague, wewe au mimi. Mama alikuwa amekufa mwaka mmoja tu kabla, na mimi ndiye niliyekuwa naendesha gereji. Alilala na suti imening'inia mlangoni. Wewe umeishi miaka ishirini na miwili ukidhani baba yako alikukataa. Hakukukataa, Dada, mara ya kwanza wala ya pili. Mara zote mbili alikuwa njiani kuja kwako, na mara zote mbili aliyesimama njiani ni mimi.

Sikuombi ujibu. Ukitaka kuja, nyumba ni yako, na kama hutaki kuniona nitalala gereji mpaka uondoke. Ukitaka nije mimi Songea nipige magoti mbele ya shemeji, sema siku.

Msalimie sana shemeji Romanus, ambaye sijawahi kumpa mkono. Msalimie Agnela, umwambie babu yake alimfahamu kwa jina na alimtaja kwenye sala zake kila asubuhi, Sabina ni shahidi. Sabina mwenyewe anakusalimu, na Giani Mohinder anaomba umwie radhi. Mungu awaweke mikononi mwake, na Neno lake likufikie sasa bila mtu katikati.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kuona haya,

Balbir