Moshi wa Soseji

Alhamisi, 30 Septemba 1971

Katika kijiji chetu hakuna aliyeizunguka Nürburgring, barabara yetu ya mbio za magari, kwa kasi kunishinda mimi! — Haya, uongo. Nilizungushwa tu, nimelala ndani ya ambulensi, nyuki kaniuma ulimi. Lakini kasi ni kasi.

Mkwe wangu Ewald anashindana Jumapili. Binti yangu Irmtrud kanuna. Kasema, baba, wewe unasimama pale konani na bendera ya kuwaonya madereva, niangalizie mume wangu. Nikamjibu kwa tumbo lile ataonekana tu, hata nikifumba macho. Hakucheka.

Jumamosi, 2 Oktoba

Mazoezi leo. Msitu umejaa mashabiki — mahema, bia, majiko ya mkaa. Moshi wa soseji umetanda juu ya kona yetu kama kila mwaka, na kama kila mwaka wasimamizi wa mbio kule mnarani wakapiga simu: huo si ukungu? Jupp, jirani ninayesimama naye kituoni, akawajibu kwamba ukungu wa huku unaliwa kwa haradali. Tulicheka hadi tukakohoa.

Barabara hii haina adabu. Huku jua, nyuma ya kilima mvua ya mawe. Lakini leo imetulia mno. Hata kunguru kimya. Siipendi ikiwa mpole.

Jumapili, 3 Oktoba

Naandika kibandani. 

Mzunguko wa kwanza Ewald alipita, akanipungia. Mpumbavu, shika usukani! Kisha weupe ukashuka kutoka kwenye misonobari. Simu ikalia, swali lile lile. Nilikuwa namimina kahawa, sikuinua hata kichwa kuwajibu.

"Soseji, bwana. Waacheni wapite."

Jupp akanusa. Akanusa tena.

"Mzee, mbona hakuna harufu ya nyama?"

Nikatoka. Majiko yote yamelowa, mvua ya alfajiri iliyazima. Bendera iko mkononi mwangu na siioni.

Jupp akapiga simu, mbio zikasimamishwa. Magari yakaja polepole, moja moja. Nayajua kwa mlio. La Ewald lina kikohozi. Halijaja. Kituo cha juu, kabla ya chetu, wanasema kwao lilishapita.

Jupp kaingia msituni na tochi. Kanikataza nisiache simu. Inalia sasa. Siishiki — huenda ni Irmtrud.

Sikia, wewe barabara. Kila mwaka nakufagia majani, nakufuta oili, na visivyo oili pia. Hujawahi kuniambia hata asante. Nilipe leo, kidogo tu: kile kikohozi. Nikisikie mara moja tu —