Kibati cha kijani ndani ya injini ya Pijo

Jumatano. Joto la leo si la kuketi ndani, na nje nako ni vumbi tupu. Moyo wangu umekaa vibaya tangu adhuhuri. Binti yangu Zaituni ndiye aandikaye haya kwa simu yake, maana mimi sikwenda shule. Nasema, yeye achapa. Nishamwambia asinitengenezee maneno.

Leo injini ya Pijo imefunguliwa.

Walioishi Likoni zamani walijua gari hilo. Jeupe, la marehemu mume wangu, Athmani. Maharusi wa mtaa huu karibu wote walipandishwa humo, na vikuba vya asumini vikaning'inizwa kwenye kioo, mpaka viti vikashika harufu. Hata leo ukifungua mlango... la, leo kwanuka panya. Paka wangu mvivu, alala juu ya boneti na panya wako chini yake. Nalitaka kusema nini? Ee, injini.

Ilipochoka, mwanangu Abdalla ndiye aliyeifungua akaiunda upya, hapa hapa uani. Ndiyo kwanza aanze ufundi. Alipomaliza akamwambia babake, "Baba, iende polepole kwanza, ijizoeze. Usiibebeshe." Sasa Athmani amkatalie nani harusi? Haukupita muda, gari likazima na bibi harusi ndani, pale kwenye mpando wa kutoka feri. Watu wakasukuma. Yule msichana akapanda kwa miguu na hina yake, viatu mkononi.

Athmani akarudi, akamwambia Abdalla mbele ya majirani, "Wewe si fundi. Wewe ni mharibifu."

 Abdalla akanawa mikono, akahamia Miritini. Spana hakushika tena, sasa apakia malori. Kuja huja, Idi kwa Idi. Asimama mlangoni, anibusu mkono, aenda zake.

Sasa bintiye aolewa, na msichana ataka kupanda gari la babu yake. Abdalla kasema, "Mama, lile gari mimi silitii mkono." Ndipo nikamwita Fundi Kombo wa Changamwe, mtu wa Pijo tangu ujana wake.

"Shikamoo, mama. Huyu ndiye mgonjwa?"

"Marahaba. Mgonjwa ni huyo, mimi bado."

Akacheka, akaingia chini. Akafungua bakuli la oili. Ilitoka nyeusi kama masizi, na ndani mna vumbi lang'ara kama magamba ya samaki. Kombo akaisugua kwa vidole, akaitazama juani. Fundi akitazama hivyo ujue kuna jambo, kama daktari tu. Akatandika gunia, akapanga vyuma kimoja kimoja. Ringi zimelika, lakini asema zimelika kwa haki yake, kwa umri tu. Kisha akanionyesha vyuma vyembamba vilivyopindwa kama maganda ya ndizi, vinavyoikumbatia krenki, ule mtaimbo mkuu uzungukao ndani ya injini. Aviita beringi. Karibu zote laini, zimelika sawasawa.

"Aliyezitia hizi alikuwa na mkono," akasema. "Lakini hapa pamepita mtu mwingine."

Beringi mbili zilikuwa zimetiliwa bati kwa chini. Kombo asema ni mambo ya madereva wa kale. Akisikia injini yagonga, hajui ni nini, alala chini ya gari, akata kibati, akibana hapo, kelele yakatika, afurahi. Sasa kile kibati kiliziba tundu la kupitia oili. Beringi moja ikakauka, ikaungua, ikaing'ata krenki.

Ile ya pili haikuungua. Kombo akakifuta kibati chake kwa kitambaa. Kijani. Kina nusu ya picha ya mnazi.

Kopo langu la samli.

Nalikuwa napimia mchele kwalo. Lilinipotea siku chache baada ya Abdalla kuiunda injini, nikalitafuta jiko zima. Athmani akaniambia, "Labda paka." Paka abebe kopo? Nikacheka, nikatafuta jingine. Na wiki hiyo hiyo nalimkuta amelala chini ya gari juu ya mkeka. Nikamwuliza, "Wafanya nini huko?" Akasema, "Nasikiliza."

Alijua kuwa ni kibati chake? Ndilo lanitafuna. Baada ya ile harusi ya feri, kila siku akitoka kuswali alasiri alikuwa akiketi ndani ya gari, milango imefungwa, mikono kwenye usukani, mpaka magharibi. Mimi nikidhani alilia gari. Na alipokuwa akienda, sauti imebaki kama uzi, alisema, "Niitieni Abdalla." Nikadhani ataka kumsamehe. Abdalla akafika jeneza lishatoka mlangoni.

Pengine aliyetaka kusamehewa ni yeye.

Zaituni hapa ameacha kuchapa, machozi yamtoka. Aniambia, "Mama, marehemu hasemwi ila kwa wema." Najua. Nami nalimpenda kuliko yeye ajuavyo. Lakini huyu aliye hai je, asemwe vibaya mpaka lini?

Kombo nimemwomba asimwambie mtu. Akaniambia, "Mama, mimi nimeona vyuma tu." Asema krenki haifai tena, itafutwe nyingine. Bibi harusi wetu atapanda gari la watu. Si kitu.

Kile kibati nimekiosha kwa sabuni, nimekifunga kwenye pindo la leso. Mambo haya hayasemwi kwa simu. Kukicha nitavuka niende Miritini mwenyewe, na magoti yangu haya, na Zaituni asiyatoe maandishi haya mpaka nirudi. Nitamtia Abdalla kile kibati mkononi, nimwambie, mwanangu, kazi yako ilikuwa nzuri. Sijui atalia ama atanigeuzia mgongo.

Athmani, uliomba aitwe, akachelewa. Sasa mimi ndiye namwendea.