Mkono Wangu Juu ya Mama Kulwa

Jumanne, Pasiansi

Na mahubiri yangu yalikuwa moto! Jumapili nilisema Yesu hakuwahi kumdai mtu cheti cha ndoa kabla ya kumpa mkate. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Shule niliishia njiani, lakini nikishika kipaza sauti hata wenye digrii wanatulia.

Leo wazee wa kanisa wakaitisha kikao juu ya Mama Kulwa. Ni mke wa pili, kwa hiyo ametengwa na Meza ya Bwana miaka yote tangu aolewe. Sasa figo zimegoma, anaomba ashiriki mara moja tu kabla hajafa.

“Mchungaji, Jumapili umetuchekesha vizuri,” mzee kiongozi akasema. “Lakini Biblia ni ile ile. Anayetaka huyu mama aendelee kutengwa, anyooshe mkono.”

Wakanyoosha wote, kisha wakanitazama. Nikatafuta utani, mimi mzima, nikaukosa. Nikawaza nyumba ya kanisa tunamoishi, nikamwaza mke wangu na watoto.

Nikanyoosha.

Sijui Biblia hiyo nitaifungua tena kwa uso gani.

Jioni nikaenda kwake. Nilimkuta ameketi kitandani, amevaa gauni jeupe, akidhani nimemletea mkate na kikombe.

“Shikamoo, mama. Wazee bado wanaliombea jambo lako.”

“Marahaba, baba mchungaji.” Akanishika mkono, ule ule. “Najua wewe umenipigania. Mungu akulipe.”

Nikasema amina.