Kona ya Reli ya Mezani

Mama watoto,

Zima jiko la chai. Damu ya sebuleni ifute kwa maji baridi. Nampeleka mwanao akashonwe kichwa.

Asubuhi aliitazama reli yangu ya mezani, ya treni ya kuchezea, akacheka: “Mzee, kona hii kali mno, treni itaanguka.” Nikamjibu kwamba hesabu nimesomea shule ya jioni, nikiwa na mvi. Akaisukuma treni kwa nguvu, ikaanguka, injini ikapasuka. Nikamtwanga kwa ubao wa daraja la reli hiyo. Naye akaipiga meza teke. Stesheni na milima, vyote chini.

~~Asikanyage tena humu ndani.~~ Mtandikie kitanda.

Alipokuwa akitafuta viatu, niliipima kona upya. Duara nililichora nusu ya ukubwa uliotakiwa. Usimwambie. Mimi mwenyewe nitamwambia mwanangu, akiwa anashonwa, asiweze kucheka.

Baba watoto