Vidonge Viwili kwa Kila Kikombe

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu, na anadai picha ya mchumba wako. Cherehani yangu imepona. Jirani yetu fundi viatu bado anakoroma mchana kutwa.

Vile vidonge ulivyotutumia vya kutia chai utamu badala ya sukari vimekwisha. Uliandika, "Viwili kila kikombe," ukaishia hapo. Mama alifikiri ni dawa ya kisukari chake. Akawa anatia sukari vijiko vitatu kama zamani, kisha anadumbukiza vidonge viwili, anakoroga huku akicheka: "Sasa sukari haina ubavu tena!" Nilimwona kila asubuhi, nikadhani ndivyo ulivyomwelekeza.

Kidonda cha mguu wake wa kulia kilianza kidogo tu. Daktari alipomuuliza habari za chai, Mama alijibu kwa fahari: "Sijakosa dawa ya mwanangu hata siku moja." Daktari akanitazama mimi.

Mama hajui kosa letu, na sitamwambia. Nakuambia wewe kwa sababu mzigo huu umenishinda peke yangu.

Viatu vyake vya harusi yako vimefika, vizuri mno. Cha kushoto kinamkaa sawasawa. Cha kulia nimekificha chini ya vitambaa, asikione.

Ni mimi,
Dada yako