Waya Uliobaki Kati ya Shule Mbili

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Dawati la Upelelezi
Jumatatu, saa 3:20 asubuhi

Jina: limehifadhiwa kwenye jalada. Shuleni anajulikana kama Mwalimu Nukta.
Umri: miaka 41
Kazi: mwalimu wa hisabati, shule ya msingi, msimamizi wa chumba cha kompyuta
Makazi: kwa kaka yake, nyumba za walimu nyuma ya shule ya sekondari

Nimeonywa niseme kweli tupu. Nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu, na kaka yangu hajui kwamba niko hapa. Akijua, sijui leo nitalala wapi, lakini hilo si kosa la jinai, kwa hiyo tuendelee.

Mlalamikaji katika kesi hii, mkuu wa shule ya sekondari, ndiye huyo kaka yangu, tumbo moja. Mtuhumiwa mliyemweka ndani tangu Jumamosi jioni ni mtaalamu wa mitandao kutoka ofisi ya elimu. Sisi walimu tulimwita Mchoraji. Anadaiwa kuiba modemu, kile kisanduku cha kuunganishia simu na kompyuta ili intaneti ipatikane. Hakuiba. Nalijua hilo kwa sababu wakati wizi unafanyika alikuwa anaongea na mimi.

Mwezi wa pili mwaka huu Mchoraji aliletwa apange mtandao wa shule zetu mbili, ambazo zinatenganishwa na uwanja wa mpira tu. Sekondari wana simu ya mezani, sisi msingi hatuna. Mpango wake ulikuwa simu ile moja itumikie shule zote: modemu ikae ofisini kwa kaka, kompyuta za sekondari ziunganishwe nayo kutoka chumba chao, halafu waya utoke chumba hicho, upite chini ya uwanja ndani ya bomba mpaka chumbani kwetu. Alizunguka siku nzima na penseli sikioni, akichora ramani na kuuliza paa linavuja wapi, jua linapiga dirisha lipi, watoto wanapenda kukanyaga wapi. Nilipenda alivyokuwa anauliza. Wageni wa ofisini kwa kawaida huja na majibu yao mkobani.

Ana utaratibu mmoja ambao lazima niueleze. Kabla ya kufukia kipande chochote cha waya, anaweka mtu kila upande, mmoja mwanzo na mwingine mwisho. Aliweka programu ndogo ya majaribio, ukiandika neno kwenye kompyuta ya huku, linatokea kwenye kioo cha kule. Yeye anaandika, "Upo?" Wa upande wa pili anajibu, "Nipo." Asipojibiwa hagusi kitu, hata skrubu. Ufunguo wa chumba chetu ninao mimi, basi ikawa ndiyo kazi yangu, kukaa pale na kusema nipo.

Mwanzoni yalikuwa ni hayo maneno mawili. Kisha akaanza kuongeza. Huko mvua imeanza? Umeshakunywa chai? Yule mtoto wa darasa la sita ameelewa hesabu za sehemu? Ana kwa ana tulikuwa tunaongelea soketi, tena tukiangalia ukutani. Kwenye kioo tukawa watu. Mume wangu amefariki mwaka wa sita huu, afande, na watu huniuliza kama nimekula, kama nimesahihisha madaftari, kama nimemwona daktari wa mama. Wananiuliza vizuri, sina neno. Lakini nilikuwa nimesahau raha ya kuulizwa tu kama nipo.

Kaka aliliona hilo. Akasema mezani, mbele ya mama, "Huyo ni mtu wa kupita. Usituletee maneno." Nikamega ugali. Nakula kwake.

Intaneti ilifunguliwa mwezi wa nne. Watoto wangu waliandikia shule moja ya ng'ambo kuuliza kama kwao ni usiku, na kesho yake wakajibiwa kwamba ndiyo, na wanatakiwa kulala. Shule nzima ilikuja kusoma jibu hilo, hata mpishi. Mwezi wa tano Mchoraji akahamishiwa shule za mbali, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Siku ya kuondoka alisema, "Waya nauacha kama ulivyo. Siku nikipita, nitauliza kwanza." Kaka alikuwa amesimama pale pale, kwa hiyo tukaagana kiofisi.

Tangu hapo kila Jumamosi mchana nimekuwa nikifungua chumba, nawasha kompyuta ya dirishani, naweka madaftari mbele yangu na kusubiri. Nyumbani nasema naenda kusahihisha. Na kweli nasahihisha, ila mezani kwa mama pana nafasi ya kutosha. Mara moja neno lilitokea, "Mambo." Nikasukuma madaftari kando. Kumbe ni mwanafunzi wa sekondari anachezea mashine. Nikamwandikia arudi bwenini haraka. Wiki nzima nilikuwa mkali darasani na watoto hawakujua wamekosa nini.

Jumamosi iliyopita, saa tisa kasoro robo mchana, kioo kikaandika, "Upo?"

Nilidhani ni yule mwanafunzi. Nikaandika, "Nani?" Likaja jibu, "Anayeuliza kwanza." Nikainuka nikafunga mlango. Nikanawa chaki mikononi, sijui kwa nini, kana kwamba angeiona. Kisha nikaketi nikaandika, "Nipo."

Alikuwa chumba cha kompyuta cha sekondari. Mlinzi alimfungulia mwenyewe, kwa kuwa anamjua kuwa ni fundi wa mashine zile. Chumba hicho na ofisi ya mkuu wa shule vipo majengo tofauti. Alipewa ruhusa ya siku moja kazini na akaitumia barabarani kuja kwenye ule waya. Nikamuuliza kwa nini asije mlangoni kwangu kama watu wengine. Akaandika, "Ulisema kaka hataki." Ni kweli nilisema. Tuliandikiana mengi, na mengine si ya jalada.

Saa kumi na robo aliandika, "Nimesikia kioo kinavunjika upande wa ofisi. Ngoja nikaangalie." Nikaandika, "Usiende." Akaandika, "Dakika moja tu." Nikaandika, "Wakikukuta huko watataka kujua umemfuata nani. Kaa." Akaandika, "Haya, nimekaa."

Hilo ndilo hasa lililonileta hapa. Alitaka kwenda, mimi nikamzuia. Angekwenda angemwona mwizi, angalau mgongo wake. Kwa maandishi nilisingizia maneno ya watu, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimengoja miezi mitano na sikutaka dakika yangu hata moja iende kuangalia dirisha la mtu.

Tulimaliza saa kumi na moja kasoro dakika chache, akaondoka kuwahi basi. Nilipozima mashine maneno yote yakafutika. Ile programu haitunzi kitu. Kwa hiyo ushahidi ni mimi, hakuna mwingine.

Jioni kaka alirudi anatembea kwa madaha. "Tumemnasa stendi," alisema. "Mlinzi amekiri kwamba alimfungulia. Mwizi gani mwingine anajua kile kisanduku kina kazi gani?" Kwa mdomo huo huo akaeleza kwamba mwizi alivunja dirisha la ofisi, akakata waya wa simu kwa kisu na kuacha adapta ya umeme ukutani. Nikamwambia bila adapta hiyo kile kisanduku ni tofali, na Mchoraji hawezi kukata waya kwa kisu hata umlazimishe. Kaka akaniangalia. "Wewe mambo ya mafundi umeyajulia wapi?" Nikaenda kuosha vyombo. Jumapili nayo nikakaa kimya, mchana kutwa, na Mchoraji yuko humu ndani.

Leo asubuhi wakati navaa viatu mama aliniambia, "Mwanangu, shule ni upande ule." Nikasema najua, mama. Akasema, "Haya. Beba sweta, mabenchi ya polisi ni ya sementi."

Umeniambia, afande, kwamba Mchoraji anasema alikuwa peke yake akipima waya na hakuwasiliana na mtu yeyote. Siwezi kumlaumu. Hagusi kitu mpaka upande wa pili uitike, na upande wa pili umekaa kimya siku mbili. Nimeandika neno moja kwenye karatasi hii. Naomba umpelekee, usimwambie imetoka wapi. Safari hii nauliza mimi kwanza. Halafu muulize alisikia nini saa kumi na robo na nani alimkataza kwenda. Maneno yake yakipishana na yangu, nitie ndani na mimi.

Sina la kuongeza. Nimesomewa yote na yako kama nilivyosema, isipokuwa pale ulipoandika "rafiki yake" nimekuomba ufute. Neno lingine la kuweka hapo sikukupa.

(Sahihi ya shahidi)

MAELEZO YA ASKARI MPELELEZI

Nimempelekea mtuhumiwa karatasi ya shahidi saa 4:35 asubuhi. Ilikuwa na neno moja, "Upo?" Kabla ya hapo alikana mara mbili kuwasiliana na mtu. Aliitazama karatasi, akaomba kalamu na kuandika chini yake, "Nipo." Kisha akaeleza habari ya kioo kuvunjika na kuzuiwa asiende. Maelezo yake yanalingana na ya shahidi neno kwa neno. Alipomaliza aliuliza kama shahidi amekuja na kitu cha kujifunika.

Nimependekeza mtuhumiwa aachiliwe. Upelelezi wa wizi unaendelea. Mlalamikaji amepigiwa simu na amesema anakuja.

Nimemfahamisha shahidi hayo yote, na kwamba ana hiari ya kuondoka kabla mlalamikaji hajafika. Amesema anangoja. Ameomba karatasi yake. Nimemweleza kuwa sasa ni kielelezo na haiwezi kutoka jaladani, ila nimemruhusu aisome. Ameisoma akiwa amesimama, akanirudishia, akavaa sweta, akakaa kwenye benchi.